Mwanamuke ya Sita

Makala ilikuwa ya mayi. Alphonsine alipepea mpaka mukono ilichoka, lakini moto ilikataa kushika, na moshi ilimuingia mu macho, mu pua, mu nywele yenye alisuka jana juu ya hii siku. Tangu saa kumi na mbili ya asubui alikuwa nyuma ya nyumba ya Papa Urbain, président ya parti mu Likasi, anapikia wakubwa. Sufuria ilikuwa ile kubwa ya paroisse, ya kupikia bantu ya matanga. Orpa, rafiki yake ya chorale, alikaa chini, miguu wazi, anapasua samaki ya Kapolowe na kisu yenye ilipoteza mupini.

"Siku ya kupeleka liste ya majina ya uchaguzi," Orpa alisema, "na siye ba candidates tunanuka sawa soko."

"Nawa mikono. Batatuita sasa hivi juu ya saini."

"Weye iko na haraka sawa bibi-arusi."

Alphonsine alicheka. Haraka alikuwa nayo, hakuficha. Miaka kumi na moja alikuwa mu parti. Yeye njo alikuwa anajua mu quartier nani alifiwa, nani alizaa, nani alifukuzwa kazi. Kila mara mukubwa alitoka Lubumbashi, yeye njo alikusanya bamama, akabasimamisha ku barabara mu jua tangu saa moja mpaka saa tisa, baimbie motokari yenye vioo ya kufungwa. Juma ingine alifunga mulango ya biashara yake ya unga siku tatu, juu ya kufagia kiwanja ya meeting. Hakulomba kitu.

Kiisha, juma iliyopita, Adrien, secrétaire ya parti, alipita kwake, akalomba carte yake ya électeur, ile ya kupigia kura. "Mama, tunakuweka candidate. Ku conseil, baraza ya commune." Vile tu, sawa muntu anaomba chumvi kwa jirani.

Tangu ile siku Alphonsine alianza kusema. Ku robinet ya quartier, kwenye mayi inatoka mara mbili kwa juma, alisimama katikati ya mabidon, akabaambia bamama: nikiingia mule ndani, neno ya kwanza nitasema ni hii robinet. Balicheka. Kiisha moja aliuliza atasema namna gani, ingine akauliza atasema kwa nani, na kabla bidon ya mwisho kujaa hakuna mwenye alikuwa anacheka tena. Kikongwe moja alianza kumuita Conseillère. Alphonsine alimukataza, lakini hakumukataza na nguvu.

Dirisha ya salon ilikuwa wazi juu ya joto. Ndani, banaume kumi na mbili balikuwa ku viti ya plastique. Adrien alikuwa anasoma majina.

"Banaume sita. Banamuke sita," alimaliza.

"Na caution?" Sauti ya Papa Urbain. "Feza ya kuandikisha liste, tunalipa ngapi?"

"Ata moja, Président. Sheria inasema, liste yenye nusu yake ni banamuke, hailipe. Tunapita bure."

"Kumbe bamama beko na faida ata inje ya jikoni!" muntu alisema.

"Inje ya kitanda pia!" ingine aliongeza, na kicheko ilipanda mpaka mu mabati.

"Musikie," Papa Urbain alisema. "Bale ni ba kujaza tu. Campagne ni yangu. Kila mama analeta kura ya quartier yake, ananipatia minye. Sitaki mwanamuke anajitafutia sauti yake mu liste yangu. Nani ule banasema anahubiri ku robinet?"

"Mama Alphonsine. Ule mwenye kutupikia."

"Ah, ule? Mumwambie atie chumvi ya kutosha, kiisha anyamaze."

Orpa alisikia pia. Aliendelea kupasua samaki, lakini polepole. "Usiende," alisema bila kuinua kichwa. "Alphonsine. Minye nilisikia, weye ulisikia, basi. Usiende."

Alphonsine alipangusa mikono ku pagne ya parti, ile yenye sura ya mukubwa moja ya Kinshasa ku matako, na aliingia.

Hakukuwa kiti. Alisimama karibu na mulango.

"Jambo yenu, ba papa."

"Mama Alphonsine! Chakula iko tayari?"

"Bado, Président. Niko na swali moja. Mu campagne, nitapata micro siku gani?"

"Micro ya kufanya nini?"

"Ya kusema. Niko candidate."

Papa Urbain alimuangalia vile bantu banaangalia mutoto mwenye kamasi. "Mama yangu. Weye ni mama ya parti, tunakuheshimu mingi. Siku ya campagne utapata pagne mupya, utapata kofia, utaita bamama mucheze. Utabaambia: namba moja, Papa Urbain. Ni kazi kubwa ile."

"Ile kazi naifanya miaka kumi na moja."

"Si unaona? Unaijua muzuri."

Balicheka. Alphonsine alingoja bamalize.

"Na namba yangu minye?"

"Kumi na mbili, Mama," Adrien alijibu. "Itakuwa mu machine ya vote. Bantu bataiona."

"Kama bataiona, basi muniache nibaambie."

"Mama," Papa Urbain alisema, na tabasamu ilikuwa imeshapunguka, "jina yako mu liste, hii ni zawadi. Zawadi haiulizwe maswali."

"Basi mutoe jina yangu."

Adrien aliangalia saa ya ukuta. Ilikuwa saa saba. Bureau ya kupokea maliste ilikuwa inafunga saa kumi, na kesho haikuwa tena siku ya kupokea.

"Akitoka," Adrien alisema kwa sauti ya chini, "tunabaki na tano tu. Haifike nusu. Itabidi tulipe, Président, na kwa leo feza ile haiko."

Na Alphonsine aliona kitu yenye hakuona ata siku moja mu ile parti: banaume kumi na mbili banaogopa kitu yenye iko mu mukono yake. Ilikuwa tamu. Ilikaa pengine dakika mbili.

"Mupatie Mama kiti," Papa Urbain alisema.

Muntu alisimama. Alphonsine alikaa. Kiti ilikuwa na joto ya muntu.

"Unataka nini, Mama yangu? Sema."

"Siku moja. Micro na motokari, ku rond-point ya kwetu, kwenye barabara inakutana. Siku moja tu, nisimame niseme jina yangu na namba yangu. Masiku ingine yote ni yako."

"Siku moja." Papa Urbain alitikisa kichwa polepole, sawa anafikiri. Alitoa téléphone, akapiga. "Petit. Minye hapa. Uko na Hilaire pale karibu? Ule wa kupakia chokaa. Mutie ku pikipiki, afike kwangu sasa hivi. Ndiyo, na mavazi ya kazi."

Hilaire njo bwana ya Alphonsine. Alikuwa journalier, kibarua, ku Kakontwe, ku carrière ya kuchimba chokaa, na mukubwa yake ya kazi alikuwa petit frère, ndugu mudogo ya Papa Urbain, wa tumbo moja. Contrat yake ilikuwa ya mwezi moja. Kila mwisho ya mwezi anasimama inje ya bureau na benzake, anangoja jina yake isomwe.

Alifika nyuma ya pikipiki, mweupe tangu viatu mpaka kope. Chokaa ilimufanya azeeke miaka makumi mbili. Alishika casque, kofia ngumu ya kazi, ku kifua na mikono mbili.

"Mama, simama kidogo, Papa akae," Papa Urbain alisema.

Alphonsine alisimama. Hilaire alikaa ku ile kiti, ku ncha, juu asiichafue.

"Papa Hilaire, minye sizungumuze na bibi ya mwenzangu kama bwana yake haiko. Ni heshima."

"Aksanti, Président."

"Bibi yako anataka kutoka mu liste. Alikulomba ruhusa ya kutoka?"

"Hapana, Président."

"Na ya kuingia, alikulomba?"

Hilaire aliangalia bibi yake. Siku yenye Adrien alipita, yeye njo alienda kununua sucré mbili ya chupa, bakakunywa pamoja. "Tulizungumuza," alisema.

"Sheria hailombe tena ruhusa ya bwana," Alphonsine alisema. "Balibadilisha. Nilifundishwa ku formation, na ni nyinyi mulinituma."

"Ile ni sheria ya Kinshasa. Hapa ni mu nyumba yangu."

"Na ile sheria ya kutolipa caution, Président, ile ni ya wapi?"

Muntu moja alikohoa. Papa Urbain hakumuangalia tena. Aligeuka kwa Hilaire, kwa upole, sawa docteur.

"Contrat yako inaisha lini, Papa?"

"Tarehe makumi tatu, Président."

"Ya mwezi hii?"

"Ya mwezi hii."

"Bon."

Hilaire alizungusha casque mu mikono, mara moja, mara mbili. Chokaa ilianguka chini, ku carreaux.

"Mama Gaëlle," alisema. Alikuwa anamuita vile tangu mutoto alizaliwa. "Tia saini. Kunyamaza inakuuma wapi?"

"Weye ungenyamaza?"

"Minye? Minye nanyamaza kila siku. Unafikiri kule Kakontwe niko naongea?"

Alphonsine aliona kama macho ya bwana yake ilikuwa nyekundu mu ile weupe, na hakujua kama ni chokaa. Alitaka kusema ndiyo. Neno ilifika mpaka ku meno. Kiisha aliwaza sauti yake ku rond-point, siku moja, namba kumi na mbili.

"Sitie saini," alisema.

"Saa nane na nusu, Président," Adrien alisema. "Tutafute mwengine. Mwanamuke yeyote, miaka kumi na munane, mwenye carte. Bibi ya nani iko karibu?"

Banaume baliangaliana.

"Yangu hapana. Atazoea mambo."

"Na yangu sipendi jina yake itembee mu barabara."

"Yangu iko na kichwa nguvu, ata bila liste."

Hilaire alisema kitu. Alisemea mu casque, balimulomba arudie.

"Kuko mutoto yangu. Gaëlle. Iko na carte."

"Hilaire," Alphonsine alisema.

"Masomo ya leo ilishaisha. Iko ku nyumba."

"Hajui kitu ya politique, ule mutoto."

"Njo vile tunataka!" Papa Urbain alisema, na sasa yeye pia alicheka.

Pikipiki ilimuleta Gaëlle na uniforme ya masomo, bleu na nyeupe, na kalamu mu mufuko ya chemise. Alisalimia banaume kumi na mbili moja moja, anakunja goti, vile mama yake alimufundisha. Hakuna mwenye alimueleza kitu. Adrien alifungua dossier ku meza, akaweka kidole ku karatasi. "Hapa. Kiisha hapa."

"Gaëlle, tuende ku nyumba," Alphonsine alisema.

Mutoto aliangalia mama, aliangalia baba. Baba alikuwa anaangalia carreaux.

"Saini, mutoto," Hilaire alisema.

Alphonsine alitoka ku ukuta. Alisukuma kiti, alifika ku meza, aliweka mukono yake yenye kunuka samaki juu ya karatasi. "Bon. Minye nitatia. Nitanyamaza. Nitacheza, nitasema namba moja. Nitapika. Muache mutoto."

Papa Urbain alishika ile mukono na vidole mbili, ku kifundo, akaitoa juu ya dossier sawa muntu anatoa sahani.

"Hapana, Mama. Weye ulishatoka. Ulisema mbele ya bantu, na minye naheshimu neno ya mwanamuke." Aligeukia Gaëlle. "Tia, mutoto yangu. Muzuri. Unaona? Rahisi sawa mayi."

Michée, photographe mwenye kupiga ba candidates picha ya machine ya vote, alikuwa amefunga shuka nyeupe ku mulango ya inje. Saa ilikuwa inapita. Alisema uniforme ya masomo haipokelewe, akatoa mu mufuko yake veste nyeusi, koti moja, yenye alivalisha bamama bengine bote asubui ile. Kwa Gaëlle ilikuwa kubwa. Mabega ilianguka, kola ikafunguka, kalamu ikaonekana. Aliipanga mara tatu, ikaanguka mara tatu.

"Hakuna espingole ya kubana nguo?"

Hakukuwa.

"Basi Mama, kuja weye. Simama nyuma yake. Ushike veste ku mugongo, uvute mpaka ikaze."

Alphonsine hakusogea. Hilaire, ku mulango, na casque ku kifua, alisema kwa sauti ya chini, bila hasira: "Mama Gaëlle. Tarehe makumi tatu."

Alienda nyuma ya mutoto. Alikusanya kitambaa na mikono mbili, akavuta. Alisikia mifupa ya mugongo ya Gaëlle inapanda na kushuka.

"Mama," mutoto alinong'ona, "ni ya nini hii?"

"Usiongee, mademoiselle, angalia hapa," Michée alisema. "Mama, inama kidogo. Nakuona kichwa."

Aliinama.

"Tena. Nywele inaonekana."

Alipiga magoti. Carreaux ilikuwa na chokaa. Kitambaa ilikuwa inataka kuponyoka, akaikaza.

"Tena kidogo, Mama. Ukunje shingo. Voilà. Sasa hauonekane kabisa. Bakia vile."