Perege Aliyepanda Mlima

Tulinagwe, binti wa utafiti niliyempangisha chumba, aliwashonea perege vidude tumboni akawarudisha Ziwa Kisiba. Kila kidude kilituma mlio kwenye redio yake yenye antena, na kusema pia samaki yuko kwenye joto gani. Mmoja baada ya mwingine wakanyamaza, akabaki mmoja tu. Ikabaki siku moja bosi wake, Andrea, aje kuamua kama kazi iendelee au ifungwe.

Asubuhi hiyo akaingia jikoni kwangu mbio.

"Bibi, samaki ametoka ziwani."

"Kaenda wapi?"

"Anapanda mlima. Na huko aliko kuna joto sana."

Nikammiminia chai. Mtu mwenye habari kama hiyo anywe kwanza.

Ziwa letu halina mto wa kutokea, kwa hiyo aliona lazima maji yanapita chini kwa chini, tena ya moto. Sikumcheka. Huku kwetu maji ya moto hutoka ardhini. Akampigia Andrea simu palepale.

Tulifuata mlio hadi kwa Esnath, aliyejifungua juzijuzi.

"Mama, hujawahi kusikia maji yakipita chini ya nyumba?" Tulinagwe alimwuliza.

"Ya mvua yanapita juu, mpaka kitandani," alisema Esnath. "Hayo hamyapimi?"

Mlio ulikuwa umeshahama. Tukashuka hadi kwa Alawi, fundi cherehani, aliyeitazama antena akauliza kama leo kuna mpira. Hapo nako ulikuwa umepita.

"Unaelekea kwako, Bibi! Mto uko chini ya nyumba yako."

Nikakifikiria choo changu kipya.

Tulimkuta Saada, mke wa Alawi, mlangoni na sahani iliyofunikwa jani la mgomba.

"Ya mgeni wako. Namwona anazunguka juani na kile chuma, nikasema huyu mtoto hali."

Ndani ya sahani alikuwemo perege mkavu, mzima. Ambindwile mvuvi alimpelekea Esnath kwa sababu ya uzazi, wakamkausha juu ya moto. Esnath akampa Saada, kwa kuwa Alawi alimshonea mtoto nguo na kukataa malipo. Na kwetu samaki wa kupewa hapasuliwi njiani. Apasue atakayemla, aone hajapunjwa.

Tulinagwe akapasua. Kidude kikaangukia sahanini. Akakaa kwenye kigoda.

"Nimeshamwambia Andrea kuna mto."

"Mwambie ni jiko la Esnath, mwanangu."

Andrea alipokuja, Tulinagwe alimweleza yote bila kuficha. Andrea akaomba kumwona mvuvi.

"Na wale wengine walionyamaza," alimwuliza Ambindwile, "walikwenda wapi?"

Ambindwile akatazama miguu yake. "Tuliwala, bosi."

"Na vidude?"

"Vilichemka kwenye mchuzi. Watoto wanavichezea."

"Mbona hamkusema?"

"Hakuna aliyeuliza. Tulidhani perege wa siku hizi ndivyo walivyo."

Mpaka jioni vidude vilikuwa vimejaa bakuli langu, kila anayeleta akisema pole. Andrea alichomeka kimoja kwenye kompyuta yake. Kumbukumbu zote za ziwani zilikuwemo, mpaka saa ya kuvuliwa, kisha mchuzi.

Akamwambia Tulinagwe kazi inaendelea, ila mara hii aanze kwa kupiga hodi nyumba kwa nyumba. Tulinagwe alilia kidogo, halafu akampakulia bosi wake kichwa cha yule perege, fungu la mgeni wa heshima.