Kijani Kwenye Shuka

Kitu cha kwanza nilichoona ni nzi. Alikuwa anatembea juu ya shuka jeupe lililotundikwa kanisani, akaufuata mto wetu wa Kuja mpaka ziwani, kisha akaruka.

Kwenye shuka kulikuwa na picha ya kompyuta, ramani ya mto huo. Frankline, kijana wa utafiti, alieleza kwamba wamepiga hesabu: tukiacha kuchoma makaa na matofali, na miti ikirudishwa kando ya mto, ule moshi unaoiongezea dunia joto utapungua. Lakini walitaka kujua pia mambo mengine yatakayofuata. Akabonyeza, picha ikaanza kubadilika mwaka baada ya mwaka. Matope yakapungua ziwani. Mto ukajaa hata wakati wa kiangazi. Kando zote mbili zikawa kijani.

Mama yangu, Nyanchoka, akasimama. Tumekodi kipande pale mto unapopinda, na mboga ya sukuma tunayouza sokoni Ndhiwa hutoka hapo. Hatuna shamba lingine.

"Mwanangu, hapo kwa kona, penye kijani kimekolea, si ni kwangu?"

"Ndiyo, Mama. Hapo patapendeza sana."

Watu wakapiga makofi. Benta, jirani yetu, akamtania kwa jina analomwita, binti wa Kisii, "Nyar Kisii, sukuma yako sasa iko kwa kompyuta. Sisi utatukumbuka kweli?" Mama akacheka mpaka akajifuta macho.

Mimi niliacha shule darasa la sita, nasoma polepole. Chini ya picha kulikuwa na maandishi madogo: kijani ni miti, hakuna kilimo. Nikainua mkono nusu. Frankline aliponiangalia, nikajifanya narekebisha kitambaa cha kichwa.

Nilimwambia Mama njiani, tulipobaki wawili. Aligeuka kurudi kanisani, nami nikamfuata. Tulimkuta Frankline akikunja nyaya. Alimsikiliza Mama kwa heshima, akamletea kiti.

"Ni mfano tu, Mama," akasema. "Mimi napiga hesabu. Siamui."

Mama akataka kujua anayeamua ni nani. Frankline akataja ofisi moja, halafu nyingine, halafu akasema kwa kweli hajui. Mama akauliza kama kompyuta ilihesabu pia watu wa sukuma, wataenda wapi. Kijana akatazama chini. Hiyo haikuwekwa, alisema.

Tangu hapo Mama huamka mapema kumwagilia miche yake. Juzi mvua ilinyesha huko juu, mto ukaja na matope, ukabeba nusu ya matuta. Alisimama kwenye ukingo akiangalia, kisha akachukua jembe akaanza upya, karibu kidogo na njia.

Kuna neno sijawahi kumwambia. Ule mto wa kwenye shuka, ulivyojaa maji safi, niliupenda. Nilitafuta mahali ambapo tungesimama, mimi na yeye, hata kama ni kuchota maji tu. Sikupaona.