Shusha

"Shusha," alisema Maisie, na mikono iliyokuwa imeshamnyanyua hadi usawa wa vifua ikamrudisha chini taratibu, kama watu wanaotua sufuria ya mchuzi wa moto.

Kerrigan Boyd, mbebaji wa kulia, alijifuta viganja kwenye kaptula yake. Mbebaji wa kushoto alikwenda kutafuta chupa ya maji. Odalys Fuentes, mbebaji wa nyuma, ambaye pia ndiye huhesabu, aliinamisha kichwa akatazama mkeka. Ndiyo desturi yao. Katika timu ya sarakasi ya Chuo cha Harlan Springs, msichana wa juu akisema shusha, anashushwa, anapewa maji, na haulizwi. Akitaka kueleza ataeleza mwenyewe. Asipotaka, basi.

"Kwa nini?" aliuliza Kocha Lorna Dettweiler.

Kerrigan aliacha kujifuta viganja. Chupa ya maji ilifika, ikabaki mkononi mwa aliyeileta.

"Kocha," alisema Odalys kwa sauti ya chini, "sisi huwa hatuulizi."

"Leo nani kamtilia Kocha kitu kwenye chai?" alisema Kerrigan, akijaribu kuwachekesha wenzake. Hawakucheka.

Maisie Pruden alikuwa na miaka kumi na tisa na uzito wa mtoto wa darasa la sita. Nywele zake zilikuwa zimevutwa nyuma na kupuliziwa dawa hadi zikawa ngumu kama kofia. Alimtazama Kocha, akatazama mlango wa ukumbi mkubwa, ambako ngoma za bendi zilikuwa zimeanza, akamtazama tena Kocha.

"Hakuna kitu," alisema. "Naweza. Nirusheni tena."

Zilibaki dakika arobaini fainali ianze.

Lorna alitazama saa. Alikuwa mwanamke mrefu wa miaka hamsini na nane, mwenye magoti mabaya na saa kubwa ya kiume mkononi. Katika miaka ishirini na minne alikuwa ameiletea Harlan Springs vikombe vya taifa kumi na kimoja, vinane vya mwisho mfululizo. Leo alikuwa anatafuta cha tisa mfululizo, na mwezi wa pili alikuwa ameshamwandikia mkuu wa chuo barua kwamba huu ni msimu wake wa mwisho. Wasichana walikuwa wamejua siku ileile. Chuo kidogo hakifichi kitu.

Alipoanza, huu haukuwa mchezo. Alikuwa mwalimu wa mazoezi ya viungo katika shule ya watoto huko Missouri, na asubuhi aliendesha basi la shule hiyo. Chuo kilimpa chumba cha chini ambacho timu ya mieleka ilikuwa imekihama, na mikeka iliyonuka jasho la wanaume. Alipata wasichana kumi na mmoja. Wengine walikuwa wameachwa na timu za jimnastiki kwa sababu wamerefuka, wengine walikuwa washangiliaji waliochoka kushangilia wengine. Aliwashonea sare mwenyewe, akazifua kwake, akazianika kwenye uzio. Watu wa mjini walimuuliza hao wasichana watakuwa wanacheza nini hasa. Alijibu, "Kurushana na kudakana." Wakacheka, naye akacheka nao, Jumatatu akarudi chumbani chini.

Katika mwaka wa pili, msichana mmoja aitwaye Corinne Asbell alimwambia, "Kocha, leo sijisikii sawa." Lorna akamwambia mara moja tu, halafu tunaenda kula. Corinne alirushwa, akajizungusha nusu, akapotea hewani. Kiwiko kiligeuka upande ambao viwiko haviendi. Leo Corinne anauza bima huko Sedalia, ana watoto wawili, na mkono wake wa kushoto hadi sasa haunyooki.

Siku iliyofuata Lorna aliwakalisha kumi waliobaki na kuwapa neno. Ukisema shusha, unashushwa. Hakuna atakayekuuliza, hata mimi. Kwa sababu mtu akiulizwa, alisema, anatafuta jibu la kumfurahisha aliyeuliza.

Sasa alikuwa ameuliza. Na jibu la kumfurahisha alikuwa ameshalipata.

"Amesema anaweza," alisema msaidizi wake, Bettina Crouse, aliyewahi kuwa mbebaji wa timu hiyohiyo na alikuwa bado na mabega ya kazi. Alikuwa ameshika karatasi ya thamani. Humo kila mrusho na kila mnara wa watu umeandikwa, na mbele yake thamani yake, kabla mchezo haujaanza. Waamuzi hupunguza kuanzia hapo. Ukiandika kidogo, hata ukicheza bila kosa huwezi kupata alama nyingi. "Meza ya waamuzi inafungwa saa sita na nusu, Lorna. Iende ilivyo?"

Mrusho wa tatu ulikuwa wa Maisie peke yake. Wabebaji watatu wanamtupa juu, anapinduka akiwa amenyooka, anajizungusha mara mbili, anarudi mikononi mwao. Hakuna mwingine kwenye timu aliyeuweza. Ungetolewa, ukawekwa ule wa kupinduka tu bila kuzunguka, nusu alama ingepotea kabla mtu hajakanyaga mkeka. Na Weyland, wale wa kutoka Texas waliokuwa upande wa pili wa ukuta, walikuwa wameshindwa mwaka jana kwa chini ya hapo.

"Wamejitayarisha?" aliuliza Lorna.

"Weyland? Wamekuja na mabasi mawili na mpishi," alisema Kerrigan. "Sisi tumekuja na mikate ya siagi ya karanga na ndoo ya maji ya achari."

"Maji ya achari yanaondoa mkakamao wa misuli."

"Yanaondoa hamu ya kuishi, Kocha."

Safari hii walicheka kidogo, hata Maisie. Lorna alimwangalia akicheka. Kicheko kilitoka mdomoni tu. Mikono ya msichana ilikuwa imejifunga kwenye mbavu, kila kiganja kimeshika kiwiko cha upande wa pili, kama mtu anayengoja basi wakati wa baridi. Ndani ya chumba kile cha mazoezi kulikuwa na joto la kutosha kuivisha mkate.

Alinyoosha mkono. Bettina akampa karatasi.

"Nipe na kalamu."

"Lorna."

"Kalamu, Bettina."

Aliandika akiwa amesimama, karatasi akiilaza juu ya paja. Alikata mstari mmoja, akaandika mwingine juu yake, akatia sahihi pembeni. Mwandiko wake ulikuwa wa mwalimu wa shule, herufi za duara zinazosomeka kutoka mbali, na Maisie aliusoma kutoka mbali.

"Umeutoa," alisema.

"Nimeutoa."

"Nimesema naweza."

"Nimesikia."

Lorna aligeuka akaelekea mlangoni, na Maisie akamfuata, kitu ambacho wasichana wa Harlan Springs hawakifanyi. Alimpata kwenye ujia, kati ya mashine ya soda na mlango wa choo.

"Kocha. Bibi yangu yuko kule juu, safu ya nne. Ametoka Arkansas kwa gari, mwendo wa saa saba, na mgongo wake ule. Hajawahi kuniona nikizunguka mara mbili. Nimemwambia mwaka mzima."

"Atakuona ukipinduka."

"Kupinduka hata mtoto anapinduka." Macho yake yalikuwa mekundu lakini sauti ilishika. "Wewe ndiye uliyesema neno la wa juu halihojiwi. Si ndiyo? Nimesema naweza. Mbona unalihoji?"

Lorna alisimama. Hoja ilikuwa nzuri. Angekuwa yeye ndiye mwenye miaka kumi na tisa angeitoa hivyohivyo.

"Ulisema maneno mawili," alisema. "La kwanza lilikuwa lako. La pili nilikutia mdomoni mimi, nilipokuuliza. Hilo siwezi kulipeleka kwa waamuzi."

"Kwa hiyo umekosea wewe, nalipa mimi."

"Ndiyo," alisema Lorna. "Hivyo ndivyo ilivyo."

Msichana akageuka, akarudi kwa wenzake, akitembea kwa ncha za vidole kama walivyofundishwa wote, mabega chini, shingo juu, hata katika hasira.

Kwenye meza ya waamuzi, mwamuzi mkuu alikuwa mwanamke mwembamba mwenye miwani ya mnyororo. Aliisoma karatasi, akainua nyusi, akazishusha. Alikuwa amemwona Lorna kwenye fainali nyingi na hakuwahi kumwona akishusha thamani.

"Saa sita na dakika ishirini na nane," alisema. "Una uhakika?"

"Gonga muhuri."

Akagonga.

Mchezo ulikuwa mzuri. Waliokuwepo walisema hivyo baadaye, na ni kweli. Katika minara Harlan Springs hawakutikisika. Katika kubingirika, msichana wao wa mwisho alivuka mkeka wote kama gurudumu lililochomoka kwenye gari, akatua, akasimama tuli. Weyland nao hawakukosea. Walikuwa wamefundishwa vizuri, na Lorna alijua hivyo, kwa sababu kocha wao aliwahi kuwa mchezaji wake.

Ulipofika mrusho wa tatu, Odalys alihesabu, wabebaji wakachuchumaa, wakainuka, na Maisie akaenda juu. Alipinduka mara moja, amenyooka kama fimbo, vidole vya miguu vimechongwa, polepole kiasi kwamba ukumbi ulipata muda wa kunyamaza. Akashuka katikati ya mikono sita. Haukuwa na doa. Waamuzi hawakupunguza hata sehemu moja ya kumi. Katika safu ya nne, kikongwe mwenye sweta la kijani alisimama, akapiga makofi huku mikono ameinua juu ya kichwa, akabaki amesimama hata wengine walipokwisha kukaa. Pengine alidhani ndio wenyewe ule aliosimuliwa.

Walishindwa kwa robo alama.

Ubao ulipowaka, Bettina alitazama upande mwingine. Kocha wa Weyland alikuja mbio, akamkumbatia Lorna kwa nguvu, akasema, "Nilijua hutaniachia zaidi ya robo alama," kisha akaanza kulia yeye aliyeshinda. Lorna akampigapiga mgongoni. Akawapanga wasichana wake mstari, wakapeana mikono na wenzao, hakuna aliyeruka mkono wa mtu. Mwandishi wa gazeti la mjini kwao alimuuliza kuhusu thamani iliyoshushwa. Alijibu kwamba uamuzi ulikuwa wake. Mwandishi akafunga daftari.

"Tukifika kwenye basi," alisema Kerrigan akiwa amekumbatia ndoo tupu, "mtu yeyote atakayesema 'fedha nayo ni medali' nitamnywesha hii."

"Iko tupu," alisema Odalys.

"Nitatafuta cha kuijaza."

Waliondoka kwenda kuoga. Watu wa majukwaani walishuka, kwanza kwa makundi, halafu mmojammoja. Lorna alibaki kwenye benchi la timu, pembeni mwa mkeka, kwa sababu magoti yalikataa ngazi. Wafanyakazi wa ukumbi waliingia na kuanza kazi. Mkeka wa mashindano ni vipande virefu vilivyonatishwa pamoja. Wanaubandua kipande kipande, kwa sauti kama ya kitambaa kinachochanwa, kisha wanausukuma ukijikunja mbele yao.

Maisie alitoka kuoga, nywele zimelowa na bado zina ugumu wa dawa. Bibi yake alikuwa akimngoja kwenye lango, sweta mkononi, akiongea na mlinzi. Maisie alimpungia mkono kwamba anakuja. Kisha akazunguka mkeka, akaja kwenye benchi, akakaa. Hakukaa karibu. Kati yao mtu mwingine angeweza kukaa.

Kipande cha kwanza kilibanduliwa. Cha pili.

"Bibi anasema ameona nimezunguka mara mbili," alisema Maisie.

"Umemwambia nini?"

"Nimemwambia asante."

Lorna alitikisa kichwa kukubali. Upande wa pili wa ukumbi mtu alizima safu moja ya taa.

"Hutaniuliza?" alisema Maisie. "Ya leo mchana. Kwa nini nilisema shusha."

"Hapana."

"Hata sasa? Mchezo umekwisha."

"Nilishauliza mara moja leo. Inatosha."

Maisie alifikiri juu ya hilo. Bado alikuwa na hasira, Lorna aliiona kwenye taya. Lakini hakuondoka. Alivuta miguu yake akaiweka mstari mmoja na ile ya Kocha, viatu vyeupe vidogo na viatu vyeusi vya mwalimu.

Mfanyakazi mmoja aliwafikia, mtu mzima, jasho shingoni, akisukuma bunda la mkeka lililokuwa limenenepa hadi magotini mwake. Kipande cha mwisho kilikuwa kimelala chini ya benchi.

"Miguu, akina mama," alisema.

Wote wawili waliinua miguu. Aliuvuta mkeka kwa vishindo vidogo, na chini yake mbao za sakafu zikatokea, za manjano, zenye mistari ya mchezo mwingine. Mfanyakazi alishapita, na miguu minne ilikuwa bado iko hewani, kama inayongoja mtu aseme shusha.