Hakuna Panapouma

Tobin Hrabak alimdaka mwanamke aliyeanguka kutoka ghorofa ya saba, akamlaza taratibu kando ya gari la zimamoto, na kitu cha kwanza mwanamke yule alichouliza ni viatu vyake viko wapi. Watu huuliza mambo kama hayo. Tobin alimwonyesha. Kimoja kilikuwa juu ya paa la teksi.

"Oyaa, Godoro!" mafundi wa jengo la pili walimpigia kelele. "Leo nani kalala kwako?"

"Mama mkwe wako!" Mzee Gus alijibu kutoka dirishani mwa gari. "Na amekoroma!"

Mafundi waliangua kicheko. Jina lake rasmi, lile lililobuniwa na Mzee Gus na kushonwa kifuani, lilikuwa Ngome, lakini Pittsburgh nzima ilimwita Godoro. Chochote kilichoangukia mikononi mwake kilisimama. Uzito wote wa kuanguka uliingia mwilini mwake na kuishia humo. Alikuwa na miaka kumi na sita.

Waliishi katika kituo cha zamani cha zimamoto, kilimani, yeye na wazee wawili waliomfundisha. Gus Petrakis aliwahi kubeba behewa la treni mgongoni. Bi Loretta Gaines alisikia mapigo ya moyo wa mtu aliye mtaa wa pili, na moyo unaodanganya aliujua kama mama anavyojua kilio cha mwanawe. Walikuwa na desturi moja isiyovunjwa. Ukirudi kazini, kabla hujanawa uso, unakaa jikoni kwenye kiti cha kukunja, kilekile ambacho Mzee Gus hukiweka barabarani kushikilia nafasi ya gari lake, na unaeleza kila kitu tangu mwanzo. Bi Loretta anakaa mbele yako na kusikiliza. Mwisho anauliza swali moja.

"Kuna panapouma?"

"Hapana," alisema Tobin.

Bi Loretta alifumba macho kidogo. "Kweli."

"Mimi umri wako nilikuwa naumwa mpaka kope," Mzee Gus alisema, akimwekea sahani ya pierogi, vile vibunda vya unga vyenye viazi ndani, zilizokaangwa kwa vitunguu. "Kula, kijana."

Swali lile lilikuwa na sababu. Enzi zao, mashujaa walificha maumivu. Mzee Gus alificha goti lililovunjika kwa miezi miwili, hadi siku lilipomsaliti juu ya daraja, na mwenzake aliyekuwa mikononi mwake akaanguka, akafa. Tangu hapo kila kijana aliyepita mikononi mwao aliulizwa swali hilo hilo. Aliyekuwa na maumivu alipumzishwa. Asiyekuwa nayo alikuwa mzima.

Vidole vya Tobin vilikufa ganzi mwezi wa pili. Aligundua alipokuwa akiosha vikombe, maji yakawa ya moto mpaka ngozi ikawa nyekundu, na wekundu ule aliuona kwa macho tu. Baadaye ganzi ilipanda hadi viganjani, kisha hadi kwenye viwiko.

Alikusudia kuwaambia. Alikaa kwenye kiti akiwa amepanga maneno. Bi Loretta akauliza kama kuna panapouma, naye akasema hapana, Bi Loretta akasema kweli, na sahani ikaja. Ilipita kirahisi hivyo. Siku ya pili pia ikapita.

Sheria aliijua. Majira ya baridi aliomba glavu nene, na Mzee Gus akazitupa kwenye pipa. "Ukivaa hizi huhisi kitu. Mkono usiohisi haushiki mtu. Nikikukuta nazo, barakoa yako ya kazi nakuvua na unarudi kwa shangazi yako Erie siku hiyohiyo."

Si shangazi aliyemtia hofu. Ganzi haikuishia mikononi. Chakula kilikuwa laini au kigumu, basi. Mzee Gus alipotania, Tobin alijua mahali pa kucheka. Ila pale mtu alipomwangukia mikononi, kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho, alihisi kila kitu: joto la mtu, woga wake, hata sabuni aliyoogea. Kisha kilizima, na kila mara kilipozima, ganzi ilipanda kidogo zaidi. Barakoa ikivuliwa, hata kile kidogo kingeondoka.

Kwa hiyo alijifunza. Hakusema, "Nilimshika vizuri." Alisema, "Alikuwa mikononi mwangu." Alichagua maneno ya kweli na kuyapanga kwa mstari, na moyo wake haukushtuka, kwa sababu hapakuwa na uongo wa kuushtua.

Mwezi wa nne, fundi rangi aitwaye Leonard Sipes aliteleza kutoka kwenye mojawapo ya madaraja ya manjano ya jiji. Tobin alimdaka hewani, mkono mmoja umeshika waya wa daraja, mwingine umemshika Leonard kifundo cha mkono. Kishindo kiliisha. Kilichobaki kilikuwa kumshusha tu. Tobin aliinua macho kutafuta pa kukanyaga. Alipotazama chini, mkono wake ulikuwa umekunjwa vilevile, na ndani yake hamkuwa na mtu. Leonard alikuwa ameanguka mita nne za mwisho, juu ya zege la nguzo. Mgongo ulivunjika. Hospitalini walisema ataishi, lakini hatatembea tena.

Jikoni siku hiyo hapakupikwa kitu.

"Eleza," alisema Bi Loretta.

"Nilimdaka. Nilikuwa nimemshika. Akanitoka mkononi."

"Ulimwachia?"

"Hapana."

"Ulimwona akiteleza?"

"Sikumwona. Nilikuwa nikitafuta pa kukanyaga."

"Kuna panapouma?"

"Hapana."

Safari hii Bi Loretta hakusema, "Kweli." Aliinamisha kichwa upande mmoja, akisikiliza. "Moyo wako umetulia sana, mwanangu," alisema mwishowe. "Siku kama ya leo haufai kutulia hivi."

Tobin alijua kuwa mlango umefunguliwa. Neno moja lilitosha. Alisubiri aone kama atalisema.

"Muache, Loretta," Mzee Gus alisema akiwa karibu na dirisha. Sauti yake ilikwaruza. "Mtoto ameganda kwa mshtuko. Mimi baada ya siku ile ya daraja nilishinda nakunja leso, wiki nzima."

Bi Loretta akavuta kiti chake karibu, akamchukua mkono. Tobin aliona vidole vya mama yule vyeusi, vyenye mikunjo, vikizunguka vyake. Aliona kucha zikibadilika rangi, ndipo akajua anabanwa. Akakumbuka kwamba mtu akibanwa mkono naye hubana. Alikunja vidole polepole akivitazama, vikafika, akaongeza kidogo, akaacha.

Machozi yalimtoka Bi Loretta. "Si kosa lako," alisema. "Unanisikia? Si kosa lako hata kidogo."

Tobin aliitikia kwa kichwa. Masikio makali ya Bi Loretta yalikuwa yamesikiliza moyo. Mkono hayakujua kuusikiliza.

Wiki mbili baadaye, saa tisa alasiri, jengo la makazi liliwaka upande wa kusini, na kwenye ngazi ya chuma iliyobakiwa na skrubu mbili alikuwepo mtoto wa miaka sita aitwaye Delphine, amevaa sare ya shule. Tobin alipanda hadi kwake. Mtoto alinyoosha mikono ili abebwe, kama watoto wanavyofanya, akimwachia mtu mzima kazi yote.

Tobin alitazama mikono yake mwenyewe. Akapiga goti.

"Sikiliza, Delphine. Panda mgongoni. Nishike shingo, na miguu uzungushe hapa. Mimi siwezi kukushika. Mikono yangu haihisi kitu."

"Imelala?"

"Imekufa."

"Wakubwa wako wanajua?"

"Hapana."

Mtoto alifikiri. "Watakugombeza," alisema, akapanda. Alimkaba mpaka Tobin akaona nyota, na hakulegea hadi barabarani, hata skrubu zilipong'oka na ngazi kuanguka nyuma yao.

Mama yake alikuwa bado anakimbia kuja, Mzee Gus na Bi Loretta wakiwa wamefika tayari, wakati Delphine alipoteleza kutoka mgongoni mwa Tobin na kutangaza, "Mikono yake imekufa! Kaniambia mwenyewe!"

Mzee Gus alicheka. Bi Loretta hakucheka. Alikuwa ameusikia moyo wa mtoto, nao ulikuwa safi.

"Anasema nini huyu, Tobin?"

"Nilimwambia hivyo," alisema Tobin. "Nilitaka ashike kwa nguvu zake zote."

Bi Loretta alisikiliza kwa muda mrefu. Mapigo yalikwenda moja moja, sawasawa.

"Aisee, akili hiyo!" Mzee Gus alimpiga bega. "Hiyo tutawafundisha watakaokuja. Mtoto akidhani huwezi, anashika mwenyewe!"

"Si kudhani," alisema Delphine. Aliudaka mkono wa Tobin, akachagua ngozi kati ya kidole gumba na cha shahada, akaifinya kwa kucha huku akimkazia macho. Wazee wote wawili walikuwa wakitazama.

Tobin aliviangalia vidole vile vidogo. Aliona ngozi ikiinuka, ikigeuka nyeupe.

"Ai!" alisema, akaurudisha mkono haraka.

Huu sasa ulikuwa uongo, na moyo wake haukuruka hata pigo moja. Bi Loretta alishusha pumzi, akageuka kwenda kumfungulia mlango wa gari.