Mheshimiwa Anakwenda Msalani

Jana mchana mjinga nilikuwa mimi, na usiku nikauota ujinga wenyewe.

Tulikuwa kwenye kamati ya kujenga ukumbi mpya wa kata, hapa Tukuyu. Bi Atupele, mjumbe mwanamke pekee, aliomba ukumbi uwe na choo cha wanawake, maana kila kikao huvuka barabara kwenda kuomba choo majumbani kwa watu. Nikamwambia, "Dada, wewe ni mmoja. Choo cha mtu mmoja si choo, ni zawadi." Wanaume wakacheka. Nikajiona bingwa.

Basi usiku nikaota mimi ni mbunge mwanamke wa Marekani.

Sikushangaa. Niko bungeni Washington, nimevaa suti ya bluu na hereni, na mlinzi wa mlangoni ananiita Mheshimiwa Harriet. Nimechaguliwa juzi tu. Mjini kwangu kuna hospitali moja ya wazazi, na leo wabunge wanaipigia kura: ifungwe au ibaki. Kura zimelingana, imebaki yangu. Nami nimebanwa na haja.

"Choo cha wanawake kiko wapi?"

"Nyoosha na hili zulia, Mheshimiwa. Hapo hapo tu."

"Na kura yangu?"

"Kura haipigwi ukiwa nje. Wahi."

Natembea. Zulia nalo linatembea, ila linaelekea kule ninakotoka.

"Samahani," linasema, "nilitandikwa hivi kabla ninyi wanawake hamjaanza kuingia humu."

Ukutani zimetundikwa picha za wabunge wa zamani, wote na ndevu zao. Mmoja anatoa kichwa nje ya fremu. "Mama, chai yangu vipi?"

"Mimi ni mbunge."

"Najua. Usitie sukari."

Kwenye kona, wapiga kura wangu wananingoja. Wabunge wa huko huchaguliwa kila baada ya miaka miwili, na miaka miwili imeshapita tangu nianze kutembea. Nawahutubia huku nimebana magoti.

"Mbona huonekani bungeni?" anauliza babu mmoja.

"Niko njiani kwenda msalani."

Wanapiga makofi, wananichagua tena.

Nakata kona nyingine, najikuta sebuleni kwangu. Mwanangu anaoa. Nambusu bibi harusi, nachukua kipande cha keki, natokea mlango wa jikoni, na nje yake ni korido ileile. Nywele zimekuwa nyeupe. Sasa mimi ni mwenyekiti wa kamati ya barabara za nchi nzima, na hii moja imenishinda kuifupisha.

Kengele ya bunge inanifuata mbio kwa miguu yake, inahema. "Mheshimiwa! Wanafunga kura!"

"Waambie wanisubiri."

"Nimewaambia. Wakauliza uko wapi. Nilipowajibu, wakacheka."

Mbele yangu mlango wa choo unaonekana kabisa. Lakini kando ya zulia wamejipanga wajawazito wa mjini kwangu, kila mmoja na begi lake la kwendea kujifungua. Wananitazama tu.

Nageuka bila kuingia. Nakimbia, na kwa mara ya kwanza zulia liko upande wangu. Mlinzi, sasa mzee wa mkongojo, anafunga mlango wa ukumbi. Natupa mguu, mlango unanibana kisigino.

"Ndiyo!" napiga kelele. "Nasema ibaki!"

"Mguu hauna kura, Mheshimiwa," anasema kwa huruma.

Hospitali ikafungwa. Nikaamka.

Nilikwenda chooni mbio, na njiani nikagundua nachechemea. Kisigino cha kulia kilikuwa kimevimba, kina mstari mwekundu ulionyooka kama ukingo wa mlango.

Mke wangu alikuwa anachochea moto. "Umefanyaje, Baba Lusajo?"

Nikamsimulia yote, mpaka wale wajawazito. Hakucheka.

"Kwa hiyo leo mnamjengea Bi Atupele choo chake."

"Ndoto ni ndoto, Mama Lusajo. Jana tulinyoosha mikono, choo kikakataliwa, na hakuna aliyepinga. Hata yeye mwenyewe hakupinga."

"Angepingaje? Mlipokuwa mnanyoosha mikono, alikuwa chooni kwangu."