Siku Waliyopandisha Jezi ya Orest

Nilikataa mwanzoni, na ningekuwa na akili ningeendelea kukataa. Walter, mwenyekiti wa uwanja wa hoki ya barafuni, alikuja jikoni kwangu, akamaliza sahani nzima ya pirohi zangu, vile viandazi vya kuchemsha vyenye viazi ndani, ndipo akaniambia mji unataka kuipandisha jezi ya mdogo wangu Orest kwenye dari la uwanja, itundikwe pale milele kwa heshima yake.

"Orest ni mgonjwa, Walter. Kuna siku ananiita mama."

"Atapunga mkono tu, Lesia. Watu wanampenda."

Wanampenda, sikatai. Orest alicheza hoki ya kulipwa miaka mingi, na mabao yake hayajazi kiganja. Kazi yake ilikuwa ngumi. Timu ilikuwa na Doug Lindqvist, kijana mwembamba, fundi wa kufunga, na yeyote aliyemgusa Doug alimkuta Orest ameshatupa glavu chini, tayari kwa ngumi. Kwetu glavu zikianguka kwenye barafu, hata bibi wa kwaya husimama juu ya kiti. Tulishangilia sote. Kumbe kila ngumi aliyorudishiwa ilikuwa inamla ubongo.

Nilikubali kwa sababu moja tu: nilitaka atoke pale na heshima yake, watu wamwone ametulia, asigeuzwe kichekesho. Siku yenyewe, asubuhi nzima tulifanya mazoezi sebuleni.

"Unapunga, halafu unakaa."

"Napunga, nakaa. Dada, mimi si mtoto bwana."

Mchana uwanja ulijaa hadi kwenye ngazi. Orest alipita juu ya zulia walilotandika barafuni, akapunga mkono vizuri kabisa, nami nikaanza kupumua. Mara wakaanza kuliita jina lake, O-rest, O-rest, kwa mdundo uleule wa zamani, na Doug, siku hizi mzee mwenye kitambi, akatokea upande wa pili, mikono wazi, anakuja kumkumbatia.

Orest akavua glavu za sufu nilizomfumia, akazitupa.

Ngumi ya kwanza ilimpata Doug mdomoni, ya pili shavuni. Doug hakurudisha hata moja. Alimng'ang'ania tu kifuani akisema, "Ni mimi, kaka, ni mimi." Na watu, Mungu awasamehe maana mimi nimeshindwa, wakasimama wakapiga makofi. Walidhani ni igizo waliloandaliwa. Walter alicheka mpaka akafuta machozi.

Nilikimbilia barafuni na viatu vyangu vya kanisani, nikamshika mkono. Alikuwa anahema, uso umechangamka. Tangu augue sijawahi kumwona na furaha kama ile. Doug alisimama kando yetu, damu inamchuruzika kidevuni.

"Dada, yule jamaa nimemkomesha," Orest akaniambia. "Doug je? Hajaumia?"

Niliinama nikaziokota glavu zake.

"Yuko salama, kaka," Doug akamjibu mwenyewe, huku akijifuta damu kwa mkono wa koti. "Umewahi kumwokoa."