Simu Iliyonyamaza Siku Kumi na Tisa

Kila kitu kilikuwa kijani. Majaribio mia moja na kumi na mawili ya tovuti mpya yalikuwa yamepita, na Rojina Dangol alikuwa ameshatia saini karatasi ya kuifungua. Katika ofisi ile ya kutengeneza tovuti mjini Patan, hakuna tovuti iliyofunguliwa mpaka mjaribu asaini, na mjaribu alikuwa yeye, mwenye miezi sita kazini, na barua ya ajira ya kudumu ikimngoja kwenye droo ya mkubwa wake.

Saa ya kufungua haikupangwa na mafundi. Mama Ambika Regmi, mkuu wa ofisi iliyoagiza tovuti hiyo, alikwenda kwa kuhani wa familia yao, kuhani akatazama nyota na kumpa dakika moja yenye heri: saa tano na dakika arobaini na saba. Sasa ilikuwa saa tano na dakika tano, na mama alikuwa ameshafika na sinia lake la taa ya mafuta, nazi, maua ya manjano, na mchele uliochanganywa na mtindi na unga mwekundu wa kupaka watu kwenye paji la uso.

Tovuti yenyewe haikuwa ya mchezo. Vijana waliotaka kazi za viwandani ng'ambo walitakiwa kuingia humo kujiandikisha kwa mtihani wa lugha. Walipewa siku nne tu, na baada ya hapo ni mpaka mwakani. Wengine walikuwa wameteremka milimani tangu juzi, na muda huo wamejipanga kwenye maduka ya intaneti, kitambulisho mkononi.

Rojina alikuwa akiondoa vitu vyake mezani ili kupisha sinia. Akaokota simu ya majaribio, simu kuukuu iliyofungwa kwa waya kwenye kompyuta yake. Kazi ya Rojina ilikuwa kuandika programu inayojifanya mtu: inafungua tovuti, inaandika namba ya simu na nenosiri, inasubiri meseji yenye tarakimu sita, inaziandika, inaingia, inajiandikisha, inatoka. Safari nzima, bila mkono wa mtu. Meseji hizo ziliingia kwenye simu ile. Kwa hiyo kila mara majaribio yakiendeshwa, simu ilipaswa kulia.

Waya ulikuwa umechomoka, na simu imezimika kwa kukosa chaji. Akaichomeka, ikawaka. Meseji ya mwisho ilikuwa ya siku kumi na tisa zilizopita.

Kimya kingi kina mshindo mkuu. Asubuhi ile ile majaribio yalikuwa yameendeshwa mara tatu, yote kijani. Akakumbuka. Mkubwa wake, Bhuwan Tuladhar, alilalamika kwamba majaribio yanakula dakika arobaini, mtu anaweza kupika wali na dengu akala akamaliza. Rojina akatafuta njia ya mkato: programu iingie mara moja tu, ihifadhi kibali cha kuingia kwenye faili, kisha majaribio yote yatumie kibali hicho hicho. Dakika nne, kwisha. Ofisi ilimpigia makofi. Ambacho hakukiona ni kwamba hata majaribio ya mlango wenyewe, yaani hatua ya kuingia, yalikuwa yakitumia kibali kile. Siku kumi na tisa programu yake ilikuwa ikijidai kubisha hodi ilhali imeshakaa sebuleni.

Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole. Akaifuta ile faili, akayaanzisha majaribio ya mlango upya. Simu ikalia. Tarakimu sita zikaja, programu ikaziandika, na tovuti ikajibu kwamba namba hiyo imekwisha muda. Namba ilipewa dakika kumi za kuishi, na ilikuwa imefika kwa sekunde nne. Akarudia. Nyekundu. Akarudia tena. Nyekundu.

Aliogopa, na hakujidanganya kuhusu alichokiogopa. Hakuna aliyekuwa anajua. Mlango ukikwama, lawama zingeangukia kampuni za simu, maana meseji kuchelewa si jambo geni. Barua ingetoka kwenye droo mchana ule ule. Na wale waliojipanga madukani wangebaki wanaandika tarakimu sita, wanakataliwa, wanaandika tena.

Akainuka akamfuata Bhuwan, ambaye ofisi nzima ilimwita dai, kaka mkubwa.

"Dai, tusifungue."

Bhuwan alidhani ni utani. "Bahini, mdogo wangu, karatasi si umeisaini mwenyewe?"

"Nimeisaini, na nilikosea. Majaribio yangu hayajagusa mlango siku kumi na tisa. Nimeyarekebisha sasa hivi, na mlango haufunguki. Hataingia mtu hata mmoja."

"Polepole," Bhuwan alinong'ona akitupia jicho kule kwenye sinia. "Unajua huyu mama amemsumbua kuhani wiki nzima kwa ajili ya dakika hii moja?"

"Basi apewe dakika yake, watu wabaki nje?"

Bhuwan alimwita Lhakpa Sherpa, fundi aliyejenga tovuti, naye akaja na glasi yake ya chai ya maziwa, akainama kwenye kompyuta ya Rojina akasoma kumbukumbu za mfumo mstari kwa mstari. Chai ikapoa. Mwishowe akauliza ni mjinga gani aliyehamishia meseji Mumbai, kisha akajijibu mwenyewe kwamba ni yeye. Wiki mbili nyuma mashine ya Patan ilizidiwa, akahamishia utoaji wa namba kwenye mashine nyingine huko India, nchi jirani. Majaribio yalikuwa kijani, hakuangalia tena.

"Saa ya India iko nyuma ya yetu kwa robo saa," alisema. "Namba ikizaliwa kule, inaandikiwa saa ya kule. Ikifika mlangoni hapa, mlango unaona ina umri wa dakika kumi na tano. Inazaliwa imeshakufa."

Kuzifanya mashine zote mbili zisome saa moja, kisha kujaribu, kungechukua karibu nusu saa. Saa ya ukutani ilionyesha saa tano na dakika thelathini na moja. Bhuwan akashika kichwa.

Mama Ambika alikuwa amesimama nyuma yao muda wote, kiberiti mkononi. Alimwuliza Lhakpa jambo moja tu: kule Mumbai ni saa ngapi sasa? Saa tano na dakika kumi na sita, madam, Lhakpa akajibu. Mama akatoka nje na simu yake. Aliporudi uso haukuonyesha kitu.

"Kuhani anasema mimi ni mjanja," alisema. "Lakini amekubali kwamba mtoto hutazamiwa nyota za mahali alipozaliwa. Kama namba zinazaliwa Mumbai, dakika yangu ni ya Mumbai. Saa tano na dakika arobaini na saba ya kule, kwa hapa ni saa sita na dakika mbili. Baada ya hapo sina ujanja mwingine."

Lhakpa alikuwa ameshakaa kwenye kompyuta. Alimaliza saa tano na dakika hamsini na saba. Majaribio yote yasingewahi, hivyo Rojina akachagua manane ya mlango, bila kibali, bila njia ya mkato. Simu ikalia, kijani. Ikalia, kijani. Kwenye la saba simu ikanyamaza. Kisha ikalia. La nane lilipita saa sita na dakika moja.

Taa ikawashwa, nazi ikapasuliwa, Lhakpa akabonyeza. Kabla peremende za sherehe hazijazunguka mezani, watu mia mbili na kumi walikuwa wameshaingia.

Bhuwan akaichana ile karatasi yenye saini ya Rojina. Alimwambia Rojina, bila ukali, kwamba barua itakaa kwenye droo miezi mitatu zaidi, maana saini ni saini. Rojina akasema sawa, dai, na iliuma kweli. Mama Ambika alisikia. Alichukua sinia, akampita Bhuwan aliyekuwa ameshainamisha kichwa ili apakwe wa kwanza, akambandika Rojina mchele mwekundu kwenye paji la uso kabla ya wote.

"Huyu ndiye aliyefungua," alisema.

Rojina akarudi mezani kwake na kuyaanzisha majaribio yote mia moja na kumi na mawili, kila moja likianzia mlangoni. Simu ikalia, ikalia tena, dakika arobaini nzima, na Bhuwan hakulalamika.